Migomba Kumi na Mmoja ya Butihinda

Asubuhi ile ya Butihinda haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa macho yamepungua nguvu na majina ya watu nayachanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Amani ilikuwa imerudi Burundi, nasi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania tulikuwa tumerudi nayo, kila mmoja akishika jembe kwenye shamba la baba yake. Mimi nilikuwa na kitu kimoja zaidi: begi nyuma ya mlango, limefungwa kamba, ndani yake nguo na sufuria. Ungeniuliza kwa nini silifungui, ningekwambia sijapata nafasi.

Nilikuwa nampenda Goreti, msichana wa Gitega aliyekuja kila Jumamosi soko la Muyinga kuuza vitenge pamoja na Spesioza, shangazi yake aliyemlea. Nilimpenda kwa mtindo mbaya. Jumamosi mbili niko mezani pao tangu asubuhi, nakunja vitambaa, namchekesha mpaka wateja wanasubiri. Ya tatu sionekani, wala ya nne. Halafu narudi nikitabasamu kama sijafanya kitu. Kambini nilizoea kuamka na kukuta rafiki wa jana kapakiwa kwenye lori, kwa hiyo nilijifunza kuondoka moyoni kabla mwenzangu hajaondoka. Nilidhani huo ni ujanja. Ulikuwa woga, na Goreti ndiye aliyeumia.

Hata hivyo nilimwambia nataka kumuoa. Shangazi Spesioza akasema atakuja kwanza kuona ninapokaa, na hapo alikuwa na haki, maana mtoto hatolewi kwa maneno ya sokoni. Alifika asubuhi hiyo, akakataa kiti, akazunguka shamba lote taratibu, mikono nyuma. Nilimfuata nikijisifia maharagwe yangu, ambayo kusema kweli yalikuwa mazuri. Aliporudi mlangoni aliliangalia lile begi, kisha akaniangalia mimi.

“We kijana, mi nimeona shamba yako,” alisema. “Iko maharage, iko mahindi, iko viazi. Yote ya miezi tatu, ine. Mugomba hata moja hakuna. Mutu mwenye hapandi mugomba iko na safari. Siku utakuja kuomba Goreti, ulete urwarwa ya ndizi zako, zenye umepanda wewe. Ya kununua sitaki.”

Urwarwa ni pombe ya ndizi, mwanangu. Kwetu pale, posa ilikuwa haiendi bila hiyo. Na mgomba hauna haraka. Mama yule alikuwa ananiambia nikae mahali pamoja mwaka na nusu, bila hata kupandisha sauti.

Nilikasirika sana. Nilijiambia ananidharau kwa kuwa nimetoka kambini. Alipoondoka tu nilichukua begi, kwani lilikuwa tayari, nikashika njia ya mpakani. Nilitembea kwa karibu saa mbili. Kwenye mteremko mmoja niliketi kukaza kamba, na hapo ndipo aibu iliponipata. Safari zangu zote za nyuma nilifukuzwa, mara na risasi, mara na njaa, mara na amri za wakubwa. Hii hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nawakimbia watu wawili waliotaka nibaki.

Nikageuka. Jirani alinipa machipukizi kumi na moja, nikayapanda yote siku hiyo hiyo, kisha nikafungua begi na kutundika nguo msumarini. Jumamosi nilimweleza Goreti kila kitu, hata ile njia ya mpakani, nikamwambia naogopa. Nilitegemea anihurumie. Hakunihurumia.

“Nimesikia,” alisema. “Woga si mubaya. Lakini ogopa ukiwa hapa, mi nikuone. Ukipotea tena, usirudi.”

Mwaka na nusu ule ulikuwa mrefu. Kuna Jumamosi miguu ilikataa kabisa, nikaenda nimenuna, nikakaa mezani pao mpaka soko likafungwa. Lakini nilikuwepo. Mgomba mmoja uliangushwa na upepo, nikapanda mwingine.

Siku ya posa nilisafiri na wazee wangu mpaka Gitega, madumu mawili ya urwarwa ya ndizi zangu yakiwa juu ya basi. Shangazi Spesioza alionja wa kwanza. Akasema imezidi maji. Kisha akaomba aongezewe.

Basi nakuambia bila kuzunguka. Usimwambie mtu unampenda huku begi lako liko nyuma ya mlango. Ukiogopa, sema unaogopa. Usimwache akeshe akijiuliza amekukosea nini. Siku ambayo moyo ni mzito, peleka miguu hivyo hivyo. Na kama kweli humtaki, mwambie uso kwa uso, aende zake na heshima yake. Lakini anayekuomba ubaki usimfanye adui. Mimi nilibakiza saa chache tu za kutembea nimpoteze kabisa.

Begi lile bado lipo. Goreti analitumia kuwekea mbegu za maharagwe.

Mungu akupe mtu wa kukaa naye, mwanangu, na akupe moyo wa kukaa. Upande kitu kinachochelewa, nawe uwepo siku ya kukivuna.