Upande wa Ukuta

Chuo kikuu kilipofungwa kwa mgomo, nilirudi nyumbani Oyugis nikamkuta mtoto wa dada yangu, wa miezi miwili, akitazama kushoto tu. Ukimgeuza kulia, analia. Daktari wa Homa Bay alisema mifupa ni mizima, ila msuli wa shingo umekaza, anyooshwe taratibu. Dada akaamua kumpeleka kwa mama mmoja anayekanda watoto. Niliandamana naye nikiwa tayari kumnyang'anya mtoto, mama yule akithubutu kuivuta shingo.

Hakuivuta. Alipasha mikono joto, akapapasa msuli kwa kidole kimoja.

"Umesomea wapi kazi hii?" nikamuuliza.

"Wewe msomi, mtoto analala wapi?"

"Kitandani na mama yake."

"Mama yuko upande gani?"

Sikujua. Dada akajibu, "Kushoto kwake. Kulia ni ukuta."

Mama yule akacheka. "Sasa ageuke kulia atazame nini? Chokaa?"

Alimkanda kidogo kwa mafuta, akamwonyesha dada jinsi ya kumnyoosha bila nguvu, kisha akamwambia amgeuze mtoto kitandani: kichwa kiwe upande wa miguu, ukuta uwe kushoto.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, dada alimwita mtoto kutoka upande wa kulia. Mtoto akageuka hadi shavu likagusa shuka. Dada akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilimwita mara tatu zaidi kuhakikisha, na mara zote tatu aligeuka.