Sala za Mzee Kweyu Zilivyoziba Njia

Mzee Kweyu, karani mstaafu wa kaunsili, alikuwa akiandikiwa imeli na mtu mmoja tu duniani, mwanawe Luseno aliye Uingereza. Hata hivyo sanduku lake la imeli lilifurika kuliko la waziri. Kila alipolifungua pale saiba ya Lorine, kibanda cha intaneti katika mtaa wa Tena, ukurasa uliteremka mstari kwa mstari, kwa madaha ya bibi harusi, na kabla haujafika chini laini ya simu iliyoleta intaneti ilikatika.

"Lorine mwanangu, leo lisipofunguka nimekwisha," alisema Ijumaa hiyo. "Mjukuu anabatizwa Jumapili. Luseno ametuma picha niitazame sura, nijue ni marehemu wetu yupi amerudi, nitoe jina lake. Nikichelewa, bibi yake wa upande ule atamwita Precious."

"Precious si jina baya, Mzee."

"Ni jina la sabuni!"

Lorine akacheka, akavuta kiti. Laini ilipokubali, akasoma ile mistari iliyowahi kuingia. Sala. Sala. Sala ile ile.

"Mzee, nani anakutumia hizi?"

"Mimi." Hakuona aibu yoyote. "Imeandikwa pale, tuma kwa watu kumi ubarikiwe, ukiikatiza utajuta. Watu kumi wenye imeli nitawatoa wapi? Nikajitumia mara kumi. Sasa kila ikinifikia, inaniambia tena nitume kwa watu kumi."

"Na unatuma?"

"Ningethubutu kukataa?"

"Basi nizifute."

"Ufute sala? Wewe umetumwa na nani?"

Lorine akaona hapo hapapitiki. Akaingia kwenye mipangilio, na kumbe mzee mwenyewe aliwahi kuagiza barua zote zionyeshwe kwa mpigo, za zamani mbele, asije akafichwa kitu. Akabadilisha: kumi tu kwa ukurasa, mpya zitangulie. Sanduku lililokuwa likikohoa wiki nzima likafunguka kabla mzee hajapangusa miwani.

Badala ya kushukuru, akaruka. "Zingine umezipeleka wapi?"

"Ziko kurasa za nyuma, Mzee. Zimekaa tu, kama waliochelewa kanisani."

Barua ya Luseno ilikuwa juu kabisa. Picha ikaanza kushuka: utosi, paji la uso, halafu masikio mawili yaliyojitokeza kama milango ya teksi iliyosahauliwa wazi.

Mzee akasimama. "Mama yangu! Hayo ni masikio ya mama yangu mzazi! Huyu ni Ayuma. Pua wabaki nayo wa upande ule, mimi nimeshaona!"

Akaandika jibu mwenyewe kwa kidole kimoja, akiisaka Y kama mtu aliyedondosha sindano, na Lorine akamwachia raha yake. Likaenda. Mzee akabaki ametabasamu, kidole bado hewani.

"Na hili nalo nilitume mara kumi?"

"Mara moja, Mzee. Kwa masikio yale, Ayuma ameshasikia."