Niliwaficha madaktari kwamba kaka yangu kaumwa na nyuki

Wakuu, habari za muda huu. Sijaja kutunga stori. Haya yametokea kwetu huku Mpanda, na mkosaji ni mimi.

Mimi ni mrina asali, mizinga yangu iko porini nje ya Nsemulwa. Sisi warina tuna ujinga mmoja: mtu akiumwa na nyuki akavimba, tunamcheka. Tunasema mwili haujazoea, arudi aumwe tena.

Kaka yangu Lameck alipoumwa mara ya kwanza aliwashwa mwili mzima, akatapika, akaanguka. Tulicheka mpaka basi. Mkewe akanikataza kabisa nisimpeleke tena kwenye mizinga.

Nikampeleka.

Nyuki wawili tu, shingoni. Muda si mrefu jasho likamtoka, akakaa chini.

"Mdogo wangu, kifua kinabana."

Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, hadi hospitali. Wakapima moyo, wakasema ni heart attack. Daktari akaniuliza, "Kuna kitu kimemuuma? Kuna dawa kanywa?"

Shemeji alikuwa njiani anakuja. Nikasema, "Hapana dokta, alikuwa analima tu."

Aibu, wakuu. Nilimwogopa yule mwanamke kuliko kifo.

Wakatibu moyo, presha ikazidi kushuka. Nesi alipomgeuza ndipo akaona mabaka mgongoni na miiba ya nyuki shingoni. Wakakimbilia sindano ya mzio. Ilikuwa imechelewa.

Baadaye daktari alinielewesha, bila kunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Kuna seli mwilini zinaitwa mast cells. Kwa watu kama Lameck, mzio ukiziamsha zinamwaga kemikali nyingi kwa mpigo, mwili unavimba na mishipa ya moyo inaweza kujibana ghafla. Alisema kule kuanguka mara ya kwanza ndiko kulikuwa onyo.

Kwa hiyo mtu wako akiumwa na mdudu akavimba mwili mzima au akazimia, usimcheke. Mpeleke hospitali, na ukifika sema kila kitu hata kama kinakuumbua.

Juzi kwenye msiba shemeji aliniuliza, "Baba mdogo, daktari alijua mapema kama ni nyuki?"

Nikamjibu, "Nilimwambia tulipofika tu."

Akanishukuru, wakuu. Akanishika mkono akanishukuru.

Nimwambie ukweli au ninyamaze? Mwenye tusi atukane, mwenye ushauri anipe. Vyote nitasoma.