Ufa Kwenye Nguzo ya Kibanda cha Maua

Mwanangu, ukiniona nagongagonga nguzo kabla sijakaa, usinicheke. Kuna siku moja pale Kimamba ambayo hadi leo sijaisahau.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami ndiyo kwanza nimemaliza kujifunza useremala kwa Mzee Salehe. Kijiji kilitaka kibanda cha bustani mbele ya zahanati mpya: nguzo nne za mninga, juu fito za kutambazia maua, na mapambo ya mabomba. Mabomba yenyewe yalikuwa chakavu kutoka kiwanda cha mkonge, tukayasugua mpaka yakang'aa. Mzee akaniachia kazi yote, kichwa kikanivimba. Aliniagiza mabomba niyafunge kwa nje, kwa vikuku vya bati vinavyozunguka nguzo. Mimi nikaona vikuku vinaharibu sura. Nikatoboa nguzo kwa keekee ili mabomba yapite katikati ya mti.

Nguzo tatu zilikubali. Ya nne, nilipoligongea bomba, ililia kwaa! Ufa ukapanda kutoka kwenye tundu hadi juu.

Ningesema pale pale, yangeisha. Lakini kesho yake alikuwa anakuja mgeni kutoka wilayani, na siku hizo kulikuwa na neno lililotutisha vijana kuliko simba wa Mikumi: mhujumu. Ukiharibu mali ya kijiji, halikawii kukufikia. Nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapaka rangi. 

Asubuhi kina mama wa kwaya wakakalishwa ndani ya kibanda. Mama yangu mzazi alikaa karibu kabisa na ile nguzo ya nne.  Nikaenda nikaikumbatia nguzo, hotuba ya mgeni ikaanza nimeikumbatia. Watu wakacheka, eti fundi anaringia kazi yake! Upepo ukivuma, nilisikia mti unalia sikioni mwangu.

Mzee Salehe akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya rangi.

"Shikamoo, fundi," nikanong'ona.

"Marahaba. Umesimamisha nguzo tatu, ya nne ni wewe?"

"Naogopa wataniita mhujumu, Mzee."

"Kupasua mti ni ajali ya kazi, hata mimi nimepasua. Hujuma ni kumkalisha mama yako hapa na wewe unajua. Haya, sema."

 Nikapaza sauti katikati ya hotuba: "Kina mama, tokeni! Nguzo imepasuka!" Mama alitoka wa mwisho, maana alikuwa anatafuta ndala zake. Tulipoiachia, nguzo ikafunguka, na upande ule wa paa ukashukia benchi alilokuwa amekalia.

Mwenyekiti wa kijiji alinigombeza mbele ya mgeni mpaka nikalia, kisha akanipa wiki moja nijenge upya, kwa vikuku. Basi. Kumbe nilichokuwa nakiogopa ni aibu ya dakika kumi, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kumzika mama yangu.

Mwanangu, kazi yako ikiharibika, sema kabla watu hawajakaa chini yake. Usingoje ujasiri, mimi niliungoja na haukuja. Sema hivyo hivyo ukitetemeka. Mungu aibariki mikono yako, na siku itakapokosea, akupe mdomo wa kuwahi.