Farasi Aliyeachwa Amana Kanyosha

Mimi ni fundi wa magari wa Buyenzi, na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Mteja akiniuliza mara mbili gari litakwisha lini, ananisikia. Kwa hiyo wajomba zangu walipokwenda kuniposea binti niliyempenda, na baba yake akawajibu "tutaona," nilijua tatizo ni nini. Aliwaambia waziwazi: kijana anafanya kazi, anaswali, lakini anawaka upesi.

Mzee huyo alikuwa mtunza farasi kwenye mazizi ya kule ziwani. Kila mwaka hufanyika pale mashindano ya watu wawili wawili, kila jozi na farasi mmoja. Mmoja anapanda na kutangulia, mwenzake anakimbia nyuma. Aliyepanda akifika mbele anashuka, anamfunga farasi, anaendelea kwa miguu. Yule wa nyuma akimkuta farasi anapanda, anampita mwenzake, anamfunga mbele zaidi. Hivyo hivyo mpaka Kanyosha na kurudi. Mwaka ule mwenzake wa siku zote aliteguka mguu. Mzee akaja garajini, akaiona miguu yangu imetokeza chini ya gari, akaiambia ijiandae. Nilifurahi mpaka nikagonga kichwa.

Alinifundisha kupanda jioni kadhaa, juu ya farasi jike mpole, mpenda ndizi. Nilianguka, nikanyamaza, nikapanda tena. Wallahi, kule kunyamaza kuliniuma kuliko kuanguka.

Siku yenyewe mzee alitangulia na farasi, nami nikakimbia nyuma, jua likiniunguza kisogo. Nilipofika Kanyosha, kwenye kisoko kando ya njia, nikamwona farasi wetu amefungwa kwenye nguzo ya kibanda, kivulini, wamama wauza nyanya wamemzunguka wakimlisha maganda ya ndizi. Nikanyoosha mkono nishike kamba. Mama mmoja mnene akawahi kuishika.

Kumbe mzee alishindwa kuacha mnyama mbele ya biashara za watu bila kusema neno. Ni mtu wa adabu. Aliwaomba wamwangalilie, basi. Kwa wamama wale hiyo ilikuwa amana, na amana hapewi kijana yeyote anayekuja anahema, jasho tupu.

Nikawaeleza mashindano. Wakaniuliza ni mbio gani hizo ambazo mtu ana farasi halafu anamwacha aende kwa miguu. Nikawaonyesha wenzetu waliokuwa wakipita, na kweli walipita, wote. Nikapandisha sauti. Yule mama akaizungusha kamba mkononi mwake, akasema hasira hasara, na kwamba mwenye mali hana haja ya kupiga kelele.

"We ni nani wake?" akaniuliza.

Nikaanza kusema ni mwenzake, nikaona halitoshi. Fundi wake? Mzee hana gari.

"Mi ni mukwe wake," nikasema.

Toba! Neno ambalo mzee mwenyewe hajalitoa, nimelitangaza sokoni. Mama akataka kujua kama nimetoa mahari. Nikasema apana, bado ananiangalia. Hasira zilikuwa zimeniisha, nimebaki na haya tu. Wakacheka, wakanisukuma matako mpaka nikawa juu ya farasi, wakanisindikiza kwa vigelegele.

Nilimkuta mzee mbali, karibu na pa kugeuzia, anatembea, mkono kiunoni. Nikampita, nikamfunga farasi mbele, na sikumwomba mtu yeyote aniangalilie. Nilijipa moyo kwamba hatajua nililosema sokoni. Lakini njia ya kurudi ilipita pale pale, na zamu ya kupanda ilikuwa yake. Nikiwa bado nyuma kabisa nikasikia vigelegele vya kisokoni, nikajua mambo yameharibika.

Tulifika wa mwisho, watu wameshaanza kula. Mzee akawa anamsugua farasi, nami nimeshika ndoo, nangoja kufukuzwa.

"Wale wamama wanasema wamemupa mukwe wangu farasi," akasema.

Nikaomba radhi. Akainua mkono ninyamaze.

"Kama we si mukwe wangu, basi walimupa mwizi. Na mi sijaibiwa. Waambie wajomba wako warudi."

Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia farasi kwa kuwa mzee nilimwogopa.

Siku ya harusi nilifika na wenzangu kumchukua bibi harusi. Mlango ulikuwa umefungwa, kama ilivyo desturi, na mbele yake alisimama yule mama wa nyanya, kitenge kipya, mikono kiunoni.

"We ni nani wake?" akaniuliza.

Jua lilikuwa kali, suti inanibana, watu wanasukumana mgongoni kwangu. Nikamjibu polepole. Akajifanya hakusikia, akaniuliza mara ya pili, nami nikamjibu tena.