Nilimwambia Mama Ndoto Si Ushahidi

Admin, ficha jina langu, na hapo nimeandika Kisegi weka jina la mahali pengine. Binti yangu anafuata hii page na atanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tano. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkishamaliza, tukaneni tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mradi fulani wa samaki hapo Homa Bay. Tulikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Mgeni mmoja wa mradi akaniingiza kwa kundi la watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe kuhusu jinsi ya kufikiri sawasawa na kuamua mambo vizuri. Hawakukubali neno bila ushahidi. Yawa, niliwapenda hao watu! Kijana wa Kisegi anajibiwa na wasomi wa ng'ambo! Nikaanza kudai ushahidi kila mahali, mpaka kanisani. Nilikuwa mtu wa kuchosha sana.

Mke wangu, nimuite Achieng, aliishi nyumbani Kisegi na mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki. Achieng akiwa na mimba ya miezi minane, nilienda nyumbani Jumamosi moja, mama akaniambia, "Wuoda, mwanangu, baba yako amenijia ndotoni. Amesema Achieng asijifungulie hapa. Mpeleke Rodi Kopany kwa dada yangu, na umpeleke wiki hii."

Nilicheka. Niliporudi kazini nikaandikia kundi kisa chote. Walinijibu watano, wote kwa upole: ndoto haijui chochote kuhusu mimba, usikubali woga wa mtu mwingine ukuamulie. Nikachapisha majibu yao, na Jumamosi iliyofuata nikamsomea mama kwa Dholuo, mbele ya Achieng na wake za ndugu zangu. Nikamalizia, "Mama, ndoto si ushahidi."

Mama akaiangalia ile karatasi. "Na hawa watu wako, wamemwona Achieng?"

"Hawahitaji kumwona."

Achieng akasema polepole, "Mimi naweza kwenda tu, si mbali." Nikamwambia akifuata ndoto moja atafuata ndoto maisha yake yote. Akainuka akaingia jikoni. Nikarudi Homa Bay nikijiona mjanja.

Siku nne baadaye mvua ilinyesha, mto ukajaa, gari hazikupita. Achieng akashikwa na kifafa cha mimba. Mkunga wa kijiji alimtoa mtoto akiwa hai, msichana. Mama yake hakuamka tena. Mimi nilifika kesho yake, nimevua viatu, nimevuka maji kwa miguu.

Baada ya mazishi mama aliniita nyuma ya jikoni. Akaniambia, "Hakukuwa na ndoto. Niliona miguu yake imevimba. Kila siku analia kichwa. Na mvua nilikuwa naiona ikija, na kwa dada yangu hospitali iko karibu. Ningekuambia hivyo ungesema naingilia nyumba yako, kwa hivyo nikamtuma baba yako." Kwetu mama hamwamrishi mtoto aliyeoa mambo ya mke wake, lakini neno la baba aliyekufa halikataliwi. Mimi nililikataa. Mtu wa maswali mengi kama mimi, na hilo moja halikunijia: Mama, umeona nini?

Kumbe wakati huo wanawake walikuwa wanaambiana kwamba mama alijua kabla. Kaka zake Achieng wakaja wamekasirika, wakaniuliza mbele ya watu wote, "Mama yako alijuaje?" Mama akanitazama, akangoja. Ningesema tu kwamba aliona miguu imevimba na mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa watanipiga. Nikasema, "Sijui."

Basi ikawa hivyo, mchawi. Mama alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Muhuru Bay, na hajarudi mpaka leo. Hakuwahi kunisema kwa mtu yeyote. Ningependa angenisema.

Binti nilimlea na dada yangu. Ana akili kali, na nilimfundisha yale yote ya kundi: usikubali neno bila ushahidi. Sasa mama ni mgonjwa, macho hayaoni tena, na ametuma ujumbe kwamba anataka kumshika mjukuu wake mkono, mara moja tu. Nikamwambia binti.

"Niende kushikwa na mtu aliyemuua mama yangu?"

Nikamuuliza, "Ushahidi uko wapi?"

Akanijibu bila hasira, "Ushahidi ni wewe, Baba. Ni mama yako mzazi, na tangu nizaliwe sijakusikia ukimtetea hata siku moja. Ungekuwa na la kusema ungesema."

Niliingia chumbani nikalia kama mtoto. Nikimwambia ukweli nitampoteza, na ndiye peke yake niliye naye. Nikinyamaza, mama atazikwa akiitwa mchawi, na wanaomuuguza wanasema huenda asimalize mwezi. Mara mbili nimemwita binti yangu akae chini, nikaishia kumuuliza habari za kazi. Jamani, wenzangu, nitamwambiaje? Nianze na neno gani?

Admin, nimesoma tena nilichoandika. Pale kwenye Kisegi, usibadilishe. Acha hivyo hivyo.