Samaki Aliyesikia Baridi

Kuna Jumamosi moja siisahau, mwanangu, ingawa nimejitahidi sana. Na usicheke, mdogo wangu, ninapokuita mwanangu. Ndiyo, nina miaka kumi na saba na bado nabeba chakula cha shule kwenye kopo la aiskrimu, lakini wiki ijayo unaanza kumsaidia Shangazi Rehema, na mimi nimeshaharibu pale kitu ambacho hakitengenezeki. Kwa hiyo leo mimi ndiye mzee. Kaa.

Karakana ya shangazi unaijua, ile ya mtaa wa Mount Dennis, nyuma ya duka la matairi. Wanatengeneza sahani na bakuli za kulia, na kila moja inachorwa kwa mkono. Shangazi anafinyanga, vyombo vinakauka juma zima, vinachomwa mara ya kwanza mpaka vinakuwa na rangi ya biskuti. Ndipo vinachorwa. Halafu vinachovywa kwenye uji mweupe ambao, ndani ya moto mkali wa mara ya pili, unageuka kioo. Uji huo ukikauka unafunika kila kitu. Sahani inakuwa nyeupe kama theluji ya uani, na mchoro huuoni tena mpaka tanuri lifunguliwe.

Mchoraji alikuwa Bibi Tatu. Si bibi yetu wa damu, ni bibi wa kila mtu pale. Mzaliwa wa Tanga aliyezeekea huku kwenye theluji, anakaa ghorofa ya kumi na moja mtaa wa Dixon, na kila Jumamosi alikuja kwa mabasi mawili amevaa buti za mjukuu wake. Alichora samaki wa buluu, mmoja kila sahani, jicho mwishoni. Mwaka ule mkono wake ulianza kutetemeka. Mapezi yakatoka yamepindapinda, na kila mtu akajifanya haoni.

Mimi niliona. Kitu cha kuchekesha hakinipiti, ndiyo maradhi yangu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Kabla ya kushika brashi, mchoraji anatangulia kuweka alama kwa penseli ya kawaida, hii ya shule. Ikiingia kwenye tanuri inaungua, haibaki hata kivuli. Nilishawachorea samaki kadhaa masharubu, yote yakatoweka na shangazi hajui mpaka leo. Basi Bibi Tatu akaenda chumba cha nyuma kuswali adhuhuri. Nikachomoa penseli kwenye kikombe chake, nikaandika pembeni ya samaki wa sita: "Huyu anasikia baridi. Mpeni koti."

Binamu yetu Idi alicheka mpaka akashika meza. "We mwehu. Bibi akiona je?"

"Ataona nini? Inaungua."

Nikaichovya sahani kwenye uji, maneno yakapotea.

Mwanangu, kikombe kile kilikuwa na penseli mbili. Ya pili imetengenezwa kwa rangi ya udongo, ya kuchorea magamba madogo, na moto hauifuti. Moto ndio unaoikaza. Kwa macho zinafanana. Ningemuuliza mwenye kikombe angenieleza, ila ningemuuliza nikimwambia nataka kufanyia nini?

Kufungua tanuri ilikuwa haki ya Bibi Tatu. Jumamosi iliyofuata alitoa sahani moja moja, kila moja na bismillahi yake. Ya sita akaisogeza karibu na miwani. Mama amenililia miaka mingi nijue kuandika Kiswahili. Hiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza isiyo na kosa. Ningeandika Kiingereza, Bibi asingeweza kuisoma.

"Ni wewe?" aliniuliza. Idi alikuwa kando yangu, lakini Bibi hakumtazama kabisa.

"Ilikuwa utani, Bibi."

"Najua. Nimeuelewa." Akaiweka mezani taratibu, akamgeukia shangazi. "Rehema, nilikuomba kitu kimoja. Siku mkono ukinikataa, uniambie wewe."

Shangazi alisema hapakuwa na la kumwambia. Wateja wanaipenda mistari ile, wanasema samaki kama wamo majini, na aliyeagiza sahani zile sita alizitaka kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa kweli tupu. Lakini yakitanguliwa na maneno yangu, maneno ya shangazi yalisikika kama ya kumbembeleza mtoto. Bibi Tatu aliosha brashi zake, akazifuta, akaziacha pale pale. Hakurudi.

Nilichelewa wiki nne kwenda kumwomba radhi. Nilipofika Dixon aliuliza nimekula, na hakungoja jibu. Akaleta pilau. Nikala nimeinama, na karibu na ukingo, chini ya wali, herufi zikaanza kujitokeza. Mpeni koti. Kumbe sahani aliichukua yeye.

"Malizia, usiache wali."

"Bibi, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile, mjukuu wangu. Ila nikishika brashi nakusikia unacheka."

Siku hizi samaki nawachora mimi. Mistari yangu imenyooka, na wateja wanauliza kwa heshima zote yuko wapi yule ambaye samaki wake walikuwa wanaogelea.

Basi shika haya. Ukiwa na mzaha juu ya mtu, jiulize kama unaweza kumsomea usoni. Kama huwezi, usiuandike popote, hata mahali unapoamini patateketea. Kazi ya mtu mzima usiitie mkono kabla hajakuita. Na ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, hata kama huna la kusema. Mimi nilingoja nipate maneno mazuri, na yeye wiki zote hizo alikuwa anakula na yale mabaya.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi na ulimi unaochelewa. Na samaki wako wa kwanza atoke kwenye tanuri akiogelea, Bibi Tatu amwone akiwa bado na sisi.